Nimechorewa ramani ya nyumba hapa Mbeya, nawapa yote niliyoyaona

Nianze na hela maana najua ndo mnachotafuta wengi. Ramani ya nyumba ya kawaida, vyumba vitatu kimoja masta, sebule, daining, jiko, stoo na choo cha pablik, nimelipa laki nne na nusu, na humo ndani imo michoro ya nondo ya injinia kwasababu bila hiyo kibali cha jiji usahau. Wapo wa laki na nusu mjini hapa tena wengi tu, mi mwenyewe nilianza na mmoja wao, nitamsema sasa hivi. Huyu aliyenimalizia kazi jina simtaji, nina lawama zangu humu na kijana wa watu anatafuta riziki, anayemtaka kweli anifuate inboksi nimpe namba.

Kiwanja kiko Isyesye. Mi nauza mchele, nina fremu Mwanjelwa, nyumba naijenga kwa hela ya msimu, msimu ukienda kombo fundi anapumzika na mi napumzika. Kwahiyo sikuwa na hela ya kujaribia watu.

Yule wa kwanza hatukukaa naye hata nusu saa. Alitoa simu, akaanza kunisogezea mapicha, mama chagua, mama hii inakufaa, mama hii kaijenga mbunge. Nikachagua ile kontempo wanayojenga wote siku hizi, paa limejificha, kuta nyeupe na michirizi ya kijivu, vioo toka chini mpaka juu. Siku ya tatu ramani hiyo hapo imechapwa safi, nimefurahi, nimefika nyumbani nimevaa miwani naikagua, kwenye kona chini kuna jina la mtu nisiyemjua na kiwanja kiko Kibaha. Yani nyumba ya mtu wa Kibaha, ambaye shida yake ni joto, nimeletewa mimi wa Isyesye ambaye mwezi wa sita nalala na mablanketi mawili na soksi juu. Nilimpigia, akasema mama jina tunafuta tu. Hela yangu ilikwenda hivohivo.

Wifi yangu ndo akanipeleka kwa huyu wa pili. Ofisi yake ni chumba kimoja ghorofani maeneo ya Kabwe, unapanda ngazi za nje, mlango wa kushoto fundi cherehani, wa kulia yeye. Meza moja, kompyuta moja, viti vya plastiki, na ukutani picha kubwa ya Soko la Kariakoo, lile lenyewe lililoungua 2021. Nikasema moyoni haya, huyu naye ana mapicha ya Dar.

"Shikamoo mama, karibuni, kaeni." Nikaitikia, nikaanza kumwambia vyumba vitatu, kimoja masta, akanyoosha mkono kwa adabu akaniambia, "Mama samahani, vyumba tutafika. Nakuomba kwanza uniambie jengo ulilolipenda ukiwa mtoto."

Wifi alicheka mpaka nikaona aibu. Mi nikadhani huyu naye ananipotezea muda, nina gari la mchele toka Mbarali linanisubiri nishushe. Ila jinsi alivyotulia na kalamu yake nikajikuta naongea, na nikishaanza mi sinyamazi.

Nimekulia Iringa mjini, Kitanzini. Mama alikuwa mfagizi kwenye ofisi moja ya serikali, jengo la enzi za Mjerumani, na mi nikitoka shule nilikuwa napitia pale kumsubiri amalize tuende nyumbani. Hiyo ni 1989, niko darasa la pili. Sasa kuta za lile jengo bwana. Nene, nene kiasi kwamba dirisha lenyewe ni kama kijichumba, mtoto unapanda unakaa humohumo, mgongo umeegemea ukuta wa huku na nyayo zinagusa ukuta wa kule, magoti juu, daftari juu ya magoti. Pale palikuwa pangu. Hata wale mabosi wakipita walikuwa wanasema mama nanihii mtoto wako yuko dirishani. Nje kwenye baraza kulikuwa na matao, na chini sakafu nyekundu ambayo mama aliisugua kwa nta mpaka ukiinama unajiona. Na kitu ambacho sijawahi kukisahau ni ule ukuta, saa nane mchana ukiweka shavu ni wa baridi, alafu jioni jua likishaondoka na kibaridi cha Iringa kimeanza, ukiugusa una vuguvugu kama mgongo wa mtu. Nilikuwa naamini ule ukuta uko hai, sikumwambia mtu.

Tukitoka pale tunashuka sokoni, tunapita kwenye msikiti wa Maismailia wenye mnara wa saa, na saa mi nilijifunzia pale. Mama ananisimamisha katikati ya watu, haya soma. Mshale mfupi uko kwenye tisa, nasema saa tisa, mama anacheka, angalia upande wa pili wake, saa tatu hiyo. Nikikosea hatuondoki. Mpaka leo nikiona mnara popote pale macho yanaenda juu kutafuta saa hata kama haina.

Nikamwambia na habari ya bibi. Bibi mzaa baba alikuwa wa Kalenga, akija mjini kututembelea alikuwa haingii lile jengo, anamsubiri mama ng'ambo ya barabara chini ya mti na kikapu chake. Siku moja nikamsifia, bibi ona kuta, ona matao. Akaniambia mjukuu wangu, hizo unazozisifia zimesimama baada ya za kwetu kubomolewa. Alikuwa anaisema ngome ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, ambayo Wajerumani waliipiga 1894, na hata hilo jina la Iringa tunaambiwa limetoka kwenye lilinga, ngome kwa Kihehe. Kwahiyo jengo nililolipenda mimi kuliko yote bibi yangu hakutaka hata kukalia ngazi zake. Nilikuwa mdogo sikuelewa, nimekuja kuelewa nikiwa na watoto wangu, na bado nalipenda, sasa sijui hapo mniambie nyie. Ukitaka kuona kuta ninazosema, nenda na watoto pale Boma la Iringa, nalo ni la Mjerumani na siku hizi ni makumbusho, uweke mkono ukutani.

Wakati naongea yule kijana anaandika. Nikachungulia karatasi, hakuna vyumba vitatu wala nini, kaandika "ukuta mnene, anakaa dirishani, vuguvugu jioni". Alafu akaniuliza swali ambalo ndo limenifanya niandike haya yote leo: "Mama, ulivyokuwa umekaa pale dirishani, mama yako ulikuwa unamuona?"

Nikakaa kimya kidogo. Ndio, nilikuwa namuona. Korido ilikuwa ndefu, yuko mwisho kule na ndoo yake, akihama chumba nageuza shingo. Miaka yote nilidhani nilipenda dirisha, kumbe nilipenda dirisha ambalo namuona mama. Wifi hapo kicheko kimeisha.

Kwenye ramani yangu sasa hivi sebuleni kuna dirisha linatokeza nje futi moja na nusu, limebebwa na zege, unakaa ndani yake, na ukikaa pale mlango wa jiko unauona na geti unaliona. Limeniongezea gharama, sikatai. Ukuta huohuo pia tofali kazilaza badala ya kuzisimamisha. Kwa ambao hamjajenga, zile tofali za nchi sita ukizisimamisha ukuta unakuwa nchi sita na mita moja ya mraba inakula kama tofali kumi, ukizilaza unapata ukuta wa nchi tisa lakini tofali zinafika kama kumi na nne. Nilivyosikia hivo nikamwambia mwanangu weee, laza ukuta mmoja tu nyingine zisimame kama wanajeshi. Akakubali, akachagua ukuta unaopigwa na jua mchana wa kipupwe, ili uhifadhi joto utoe usiku. Vuguvugu langu hilo.

Kontempo alinitoa taratibu, hakunidharau. Akaniambia ile ya paa la kuficha maji yote ya mvua yanapita nyuma ya ukuta kwenye gata ambayo huioni, na sisi mvua zetu zinaanza Novemba mpaka Aprili huko, jani moja likiziba gata maji yanarudi kwenye jipsamu yako. Nikamkumbuka jirani yangu na yale madoa yake ya chai kwenye dari, nikanyamaza. Akachora paa la kawaida lenye upenu mrefu, na akanionyesha kwamba hata zile nyumba za zamani za kule Uzunguni, walikokaa wakoloni, upenu na baraza havikuwekwa kwa urembo, ni mvua isipige ukuta.

Ile picha ya Kariakoo nayo nikaja kuiuliza. Kumbe soko limechorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa 1975, na yale mapaa yake kama miavuli iliyopinduliwa ni kwamba yanakinga maji ya mvua. Mwanangu wa mwisho, ana miaka tisa, siku hiyo nilienda naye, akadakia, maji yanaenda wapi? Kijana akaacha kazi yangu, nasema akaacha kazi niliyoilipia, akachukua karatasi akamchorea mwavuli kichwa chini, nguzo katikati, maji yanashuka, tangi chini ya ardhi. Dakika ishirini. Nilikasirika kidogo ila mtoto ile karatasi mpaka leo kaibandika juu ya kitanda. Na kwenye ramani yetu gata zote zinaishia kwenye tangi, huyo mtoto ndo aliyesimamia.

Nikamuuliza wewe haya mambo umeyatoa wapi, nikijua ataniambia chuo, kasoma hapahapa MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Akasema chuo kilimpa cheti. Kakulia Iyunga, mama yake alikuwa anapika karanga na mayai, na yeye akiwa mdogo anaenda kuziuza stesheni ya TAZARA treni ikija. Mnaijua ile stesheni, Wachina, Watanzania na Wazambia walijenga ile reli 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, na stesheni zake walizijenga kama walitegemea dunia nzima ipande treni. Basi treni ikichelewa, na inachelewa, yeye na beseni lake wanabaki kwenye ule ukumbi mkubwa. Akaanza kuupima kwa hatua. Toka mlangoni mpaka dirisha la tiketi hatua ngapi, toka nguzo mpaka nguzo ngapi. Akirudi nyumbani anapima chumba chao, hatua nne kwa tatu, wanalala watu watano. Anasema hakuwa na wivu, alikuwa anashangaa tu kwamba kumbe kuna mtu mahali alikaa akaamua hapa ziwe nne na pale ziwe arobaini. Huyo mtu ni nani? Ndo akaanza kumtafuta huyo mtu.

Hilo alilisema huku anakuna kichwa, kama anaona aibu.

Na kweli alivyokuja Isyesye hakutoa futi kwanza. Alivua viatu vyake, akavaa ndala, akatembea kiwanja chote kimyakimya anahesabu, mtoto wangu nyuma yake naye anahesabu, fundi wangu mzee wa Kisafwa amesimama pembeni anajiuliza huyu kaja kufanya tambiko au vipi. Ndo futi ikatoka, na alivyopima tofauti ilikuwa ndogo sana. Alafu akachomeka kijiti chini. Ilikuwa Julai, saa sita mchana kivuli kikaangukia kusini, akamwambia mtoto unaona, jua sasa hivi liko kaskazini kwetu, kwahiyo madirisha makubwa tuweke kaskazini yatuletee joto wakati wa baridi. Ukija hapa Desemba kijiti hichohicho kivuli kinageuka kidogo upande wa pili. Na ule upepo wa kipupwe unatoka kusini mashariki, huko tukaweka stoo, choo na vidirisha vidogo. Yule wa laki na nusu kiwanja changu hakijui hata kiko upande gani wa barabara.

Mtoto alivyorudi Desemba kilichofuata mnakijua, kijiti, jua, kelele. Kivuli kikageuka kweli. Alinipigia dukani kuniambia.

Sasa lawama, maana nimesifia sana mpaka mtadhani ni mkwe wangu.

Kwanza muda. Aliniahidi siku kumi, nimepata ramani wiki ya tano. Na simu yake jioni haishikwi, asubuhi anapokea vizuri kabisa shikamoo mama, ikifika saa kumi ni kama kaingia mgodini. Kuna siku nimepanda zile ngazi mara tatu nakuta kufuli, fundi cherehani ananionea huruma ananipa kiti. Anasema injinia wa nondo ndo anamchelewesha, inawezekana, ila mi injinia simjui, ninayemjua ni yeye aliyechukua hela yangu. Alafu advansi anataka nusu palepale, mi nawashauri mpeni robo, nyingine mkiona mchoro wa kwanza.

Pili, pamoja na maswali yake yote ya utotoni, alisahau jiko la nje! Mwanamke wa Mbeya unamchorea nyumba bila jiko la nje, makande na maharage nitachemshia wapi, kwenye gesi? Nikamuuliza mama yako karanga alikuwa anakaangia wapi. Akacheka, akairudia, hakuniongezea hela. Stoo nayo kaiweka ndogo, magunia manne tu inajaa, na mi nilimwambia kabisa nauza mchele. Hapo tumevutana mpaka stoo ikamega kipande cha daining.

Tatu anaongea sana. Mimi naongea, ila huyu. Ukienda na haraka usiende kwake.

Na kuna ile picha ya kwenye kompyuta wanayokutengenezea uone nyumba itakavyokuwa, hiyo analipisha pembeni elfu themanini, kaileta nzuri kweli, ukuta unaonekana, dirisha langu linaonekana na mtoto kawekwa amekaa ndani yake, machozi yalitaka kunitoka, alafu natupa macho getini, mnazi. Mnazi mkubwa na nazi zake. Isyesye. Namuuliza huu nini, anasema mama programu ndo inakuja nayo. Nikamwambia kijana wewe uliyechomeka kijiti kutafuta jua langu, leo unaniletea mnazi? Akasema atautoa. Kaweka mwingine mdogo.

Kwahiyo kwa mimi ni nyota nne juu ya tano, ile moja kaila mwenyewe kwa simu zake za jioni. Kama unataka ramani ya haraka upitishie kibali tu na nyumba unajengea wapangaji, wala usijisumbue, wa laki na nusu watakutosha, hakikisha tu wamefuta jina la wa Kibaha. Ila kama ni nyumba ya kukaa wewe, nenda, na kabla hujaenda kaa chini ufikirie lile swali lake, maana mume wangu siku alipoulizwa alijibu "sikumbuki" na tulivyofika nyumbani usiku wa manane akaniamsha, mke wangu, ghala la pareto la kule kwa babu Njombe, lilikuwa na mlango wenye matundu, jua likiingia linatengeneza mistari kwenye vumbi. Tukampigia kesho yake asubuhi. Mlango wa stoo kwenye ramani sasa una matundu.

Hivi tunavyoongea tuko kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Zege la lile dirisha limeshakauka, mtoto akitoka shule anapitia saiti anapanda anakaa, nyumba haina paa, haina sakafu, yeye yuko dirishani na daftari lake na mafundi wanamzunguka. Bati nategemea baada ya mavuno, Mungu akipenda bei ya mchele isishuke.

Anayetaka namba aje inboksi, apige kabla ya saa kumi, na la mnazi amwambie siku ya kwanza kabisa.